Matembezi ya Yiti na Ulimi Wangu

Watu wa nyumbani wananambia nna dhana mbaya. Sawa, nnayo, sikani. Lakini mtu aliyenyang'anywa wafanyakazi wawili ana haki na dhana yake. Wa mwanzo alichukuliwa harusini, mbele ya macho yangu, na mwanamke niliyekuwa nnakula naye biriani sahani moja. Wa pili aliniaga anakwenda kutupa taka. Baada ya wiki mbili nikamwona mtaa wa Ruwi anasukuma kigari cha mtoto wa watu, akanichekea na meno yote. Kwa hiyo Masouda aliponipigia simu kunialika matembezi ya miguu huko Yiti, pwani ya nje ya Maskati, nilifurahi, nikamshukuru, mpaka pale alipotia neno la mwisho.

"Na msichana wako mlete, Bi Nasriya. Naye ni binadamu, atoke apate hewa."

Simu ikakatika, mie nikabaki nnaitazama. Tangu lini Masouda akajali hewa ya wafanyakazi wa watu?

Masouda tunajuana kwa maulidi na maziko. Mjane, asili yao watu wa Bububu, anakaa Azaiba kwenye nyumba ya kupotelea, yeye na kijana wake Ishaq, mhandisi. Na nilikuwa nshasikia kuwa mwaka ule peke yake wafanyakazi watatu wamemkimbia. Sasa mtu aliyekimbiwa na watatu, akamtaja msichana wangu kwa mapenzi namna ile, wewe ungefikiri nini?

Msichana mwenyewe ni Nakimuli, Mganda, na kwangu si mfanyakazi tu. Mama yangu, Bi Sayyida, ana miaka themanini na sita. Alipopata kiharusi Kiarabu chote kilimtoka, kikabaki Kiswahili cha utoto wake Malindi, na akili yake ikarudi huko huko. Wauguzi wanamzungumzisha, anawatazama kama ukuta. Nikimlisha mie, niliyetoka tumboni mwake, anauma meno, chakula anakitema kwenye kanga. Rahila, dada yangu, vivyo hivyo. Lakini Nakimuli alifanya kazi ya jikoni Mombasa miaka mitatu kabla ya kuja Maskati, akaja na Kiswahili chake cha bara, na mama akamkubali siku ya pili tu. Anamkosoa maneno, anamcheka, na huku anakula. Nakimuli akiondoka mama yangu atakufa na njaa na chungu kimejaa. Na mkataba wake ulikuwa unamalizika mwisho wa mwezi wa pili, na mkataba ukimalizika mtu ana hiari yake, akitaka anabaki, akitaka anakwenda.

Nikasema siendi. Noof, binti yangu, akanikalia kichwani.

"Mama, daktari kasema utembee. Sukari haishuki kwa kukaa kitako na kusoma nia za watu."

Noof ni mfamasia hospitalini, ana miaka ishirini na tisa, mpole kwa watu wote isipokuwa mie. Posa zake mbili zilishavunjika, zote kwa maneno ya watu, na tangu hapo ananisemesha kama mtu anayenidai deni. Sikutaka kumkatalia. Rahila akaja kukaa na mama, na Nakimuli akaacha chupa ya uji alioupika na kuuonja mbele ya mama, ili mama auone mkono ulikotoka. Tukaenda.

Tulikutana Wadi Kabir, kwenye kituo cha petroli, saa moja ya asubuhi ya Jumamosi. Wanawake kumi na mbili, mabuibui na viatu vya mazoezi, na kiongozi wetu Ayman, kijana aliyesomea mimea, kofia pana na fimbo ya chuma. Masouda alikuwa keshafika. Hajanipa hata mkono wa salamu, kenda moja kwa moja kwa Nakimuli na kofia mpya ya ukili mkononi.

"Vaa mwanangu, jua la Yiti halina huruma."

Nakimuli akapiga goti kidogo, kama desturi ya kwao, akaivaa. Ilimkaa vizuri, nikaudhika zaidi.

"Na apande kwangu," Masouda akaniambia. "Gari langu halina mtu."

"Haiwezekani," nikasema. "Ndiye aliyeshika dawa zangu."

Dawa zangu zilikuwa kwenye mkoba wangu, na mkoba ulikuwa begani kwangu. Masouda aliutazama mkoba, akanitazama na mie, akacheka. Sikucheka.

Barabara ya Yiti inapanda mlima halafu inakutupa chini baharini. Ayman alitusimamisha ukingoni mwa hori, maji yamekupwa, tope linang'aa.

"Mama zangu," akasema, Kiswahili chake kimejaa Kiarabu kama cha watoto wetu wote, "leo tunatembea masafa madogo, lakini tutapita mitaa mitano. Mimea ina mitaa yake. Anayestahamili tope anakaa hapa, anayestahamili chumvi anakaa mbele yake, anayependa mchanga anafuata, anayetaka maji matamu yuko kwenye wadi, bonde la mto wa mvua, na masikini wa Mungu asiyetaka kitu yuko juu ya jiwe. Hakuna anayemvamia mwenzake."

Bahati yao, nikasema moyoni.

"Tope linateleza, tutakwenda wawili wawili. Kila mtu ashikane na mwenzake."

Kabla hajamaliza, Masouda keshamtia Nakimuli mkono kwapani. Haraka ile! Mie nikaachiwa Ibtihal, ambaye tangu mwaka jana anasimulia operesheni ya nyongo na bado hajafika alipotiwa usingizi. Noof alikuwa mbele kabisa na Ayman, anauliza maswali kama mwanafunzi.

Miti ya hapo Waarabu wanaiita qurm. Sisi tunaijua, ni michu, jamaa ya mikoko, ile ile iliyojaa ufukweni kwetu, mizizi imechomoza juu ya tope kama penseli zilizosimamishwa. Ayman akamwambia kila mtu alambe jani. Chumvi tupu. Mti unakunywa maji ya bahari, akasema, halafu chumvi unaitoa jasho kwenye majani. Wanawake wakalamba na kuguna. Mie nilikuwa nnalamba jani huku macho yangu yako nyuma, kwa Masouda, aliyekuwa hajalamba kitu. Alikuwa anauliza. Anauliza, Nakimuli anajibu. Anauliza tena, Nakimuli anacheka na kuziba mdomo.

"...basi daktari akanambia, Ibtihal, nyongo yako ina mawe," Ibtihal alikuwa anasema.

"Shoga, hebu twende polepole," nikamwambia. "Goti langu."

Goti langu halikuwa na kitu asubuhi ile. Nilitaka wanifikie. Lakini kila nikipunguza mwendo na Masouda anapunguza, mpaka Ayman akapiga kelele kuwa kuna watu wanabaki nyuma.

Baada ya michu kulikuwa na uwanda wa chumvi, mweupe, unavunjika chini ya kiatu kama maganda ya mayai. Hapo mimea ni mifupi, haipiti kifundo cha mguu, imejaa maji. Mmoja una vijani vya duara vilivyotungwa kwenye kijiti kimoja kimoja, vyengine vyekundu, ungesema mtu kamwaga shanga. Ayman akatuomba twende mmoja mmoja, tukanyage nyayo zake, kwa kuwa mmea ule ukikanyagwa hauinuki. Tukapanga mstari. Noof akawa anarudi nyuma kuwashika mkono wale wazee, mmoja baada ya mwengine, na alipofika kwa Masouda, Masouda akamng'ang'ania na kumuuliza jina la kila kijani. Noof akamjibu vyote, kwa adabu. Nikasema, loo, mwanamke huyu ana ujanja, anamshughulisha binti yangu ili asinitazamie mfanyakazi wangu.

Noof alipoondoka, nikageuka tena. Masouda katoa simu, anaandika. Nakimuli anamsemea, yeye anaandika! Kitu gani kile kama si nambari? Damu ikanipanda mpaka masikioni.

Mtaa wa tatu ulikuwa mchanga. Kila kichaka kimejikusanyia mchanga wake mpaka kimekuwa kilima kidogo, na juu ya kilima kichaka kimekaa kama bwana mkubwa. Mahali pa kujificha, wallahi. Nikamwachia Ibtihal nyongo yake, nikazunguka kilima kimoja, nikainama kama nnafunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havina kamba. Wao wawili walikuwa upande wa pili, na upepo ulikuwa unakuja kwangu.

"Lakini usimwambie mama," Masouda alisema. "Haya yabaki yangu na yako mpaka Mungu akijaalia."

"Siwezi kumwambia, mama. Nimeahidi," Nakimuli akajibu.

Nilibaki nimeinama pale mpaka mgongo ukanikamata. Mpaka Mungu akijaalia! Mungu amjaalie anibomolee nyumba!

Nilimngoja Nakimuli apite peke yake, nikamshika mkono.

"Yule anakuuliza nini?"

"Mambo ya kawaida tu, mama."

"Kawaida gani?"

Akaangalia chini, akachezea ukingo wa kofia. "Ya nyumbani. Watoto. Kazi."

"Nakimuli, mie nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama," akasema, na akashangaa kweli kweli. Lakini mie wakati ule nilikuwa nshaamua, na mshangao wake niliuhesabu ni uigizaji. Nilimwona mjanja. Miaka mitatu ameninywesha chai kwa mkono wake, na kwa dakika moja nikamwona mjanja.

Tukafika mdomo wa wadi. Hapo ghafla pakawa na kivuli, mikunazi mikubwa miwili, vichaka vya miswaki, na ardhi inanuka unyevu. Kunazi zilikuwa zimeiva, wanawake wakazikimbilia kama watoto wa chuoni. Masouda akaingiza mkono kwenye tawi, akatoa na ukelele. Mwiba umemwingia, na mwengine umetoboa kiatu mpaka mguuni. Noof akamkalisha, akapiga magoti kwenye vumbi, akamtoa miiba yote miwili kwa koleo yake ya nyusi, akamsafisha na dawa. Masouda alimtazama muda wote, mkono wake uko kichwani kwa Noof. Nikaona anajipendekeza kwa nyumba nzima.

Tukatandika mkeka. Chai ya maziwa, vitumbua, mkate wa kumimina. Nakimuli alikuwa anamimina chai, na alimpa Masouda kwanza. Kabla yangu! Hapo nikasema basi, imetosha. Nikamwita Masouda nyuma ya kichaka cha mswaki, kama ninayetaka kumwonyesha kitu.

"Bi Masouda, nna neno, lakini lisitoke."

"Sema, shoga yangu."

"Huyu msichana wangu. Naona mmezoeana."

Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekamatwa. "Tumezungumza vizuri. Kanifurahisha. Mstaarabu."

"Ndivyo anavyowapata watu. Muongo wa kutupwa, Bi Masouda. Akikwambia leo Jumamosi, katazame kalenda."

Tabasamu likaondoka. Nikaona limeondoka, na raha niliyoipata, Mungu anisamehe, ilikuwa kubwa kuliko kunazi zote za wadi ile. Mtu mwengine angeishia hapo. Mie nikaongeza.

"Na mkono wake mwepesi. Pete yangu ya yakuti sijui iko wapi. Mkufu wa mama pia. Nnamvumilia kwa sababu ya mama tu, lakini akienda nyumba nyengine, watakoma."

Pete yangu ya yakuti ilikuwa kabatini, chini ya mashuka, na mkufu wa mama uko shingoni mwake mpaka leo.

Masouda alichuma kijiti cha mswaki, akakizungusha vidoleni. Halafu akaniuliza swali ambalo mwanamke mwenye akili timamu angesimama akalifikiri.

"Yaani hata akimsifu mtu, asisadikiwe?"

"Akimsifu mtu ndiyo ujue kuna jambo," nikasema.

"Alhamdulillahi," akasema polepole. "Vizuri nimejua mapema."

Mtaa wa mwisho ulikuwa jiwe. Tulipanda taratibu kati ya migunga mifupi na vijiti vitupu vya kijani visivyokuwa na jani, ndugu wa mnyaa wa kwetu, ukivunja kimoja yanatoka maziwa ya sumu. Ayman akasema mmea huu umenusurika kwa sababu hakuna mnyama anayethubutu kuugusa. Masouda alipanda na Ibtihal. Mkoba wake, ambao asubuhi yote alikuwa kamshikisha Nakimuli, ulikuwa umerudi begani kwake. Nakimuli alikuja akamwuliza kama mguu unamuuma. Akamjibu neno moja, akageukia bahari. Msichana akabaki kasimama na chupa ya maji mkononi.

Nilishinda. Niliiona bahari ya Yiti yote chini yangu, na michu na chumvi na mchanga, kila kitu mahala pake, nikavuta pumzi kama mtu aliyelipwa haki yake. Usiku ule nililala bila ya dawa.

Siku kumi baadaye Rahila aliingia bila ya kupiga simu, akafunga mlango wa chumba, akakaa kitandani kwangu, uso unameta.

"Masouda anataka kuja Ijumaa. Na dada yake."

"Kuja kufanya nini? Msichana hatoki hapa!"

"Msichana gani? Anakuja kumposea Ishaq. Anamtaka Noof!"

Nikakaa chini. Rahila akaendelea, hakuniona nilivyo. Kumbe Ishaq ndiye aliyekuwa akimpeleka mama yake kuchukua dawa hospitalini, miezi saba sasa, kila mara kwenye dirisha la Noof. Noof kamwambia mama yake mkubwa, Rahila mwenyewe, kwamba huyu anamtaka, lakini asiambiwe mama kwanza, asije akaanza kumchunguza mpaka babu wa babu.

"Na mie ndiye niliyempa Masouda shauri," Rahila akasema, anajipongeza. "Nikamwambia, sisi ndugu tutamsifu tu, hata kama mtoto chizi. Mtazame Noof mwenyewe akiwa hajui kama anatazamwa. Kisha mkamate yule Mganda umuulize. Anayefua nguo zetu ndiye anayetujua."

Nikauvuta mto wa kitanda, nikaupakata.

"Lakini akarudi kutoka Yiti kachanganyikiwa! Anasema msichana kamsifu Noof kupita kiasi, halafu wewe mwenyewe ukamwambia msichana muongo, akimsifu mtu kuna jambo. Siku nane hakulala, masikini. Mpaka kauliza hospitali, kauliza majirani, ndiyo moyo ukatulia. Ila ananiuliza, vipi Nasriya anamweka mwizi chumba kimoja na mama yake mgonjwa? Nasriya, Nakimuli kaiba lini?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, na pete, na kamba za viatu. Rahila akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Uliogopa atakunyang'anya mfanyakazi?"

"Niliogopa."

"Haya, sasa nyamaza," akasema, na sauti yake ilibadilika. "Ukimwambia Masouda kuwa ulizua, atasema mama wa bibi harusi mzushi, na ataogopa kumleta mwanawe nyumba hii. Posa mbili zimeshavunjika kwa maneno, hii nayo ivunjike kwa maneno yako? Nyamaza. Ijumaa msichana asionekane, basi."

Lakini khabari ya posa Nakimuli alikuwa akiijua. Noof alimwambia mwenyewe, wakakumbatiana jikoni, nikawasikia vicheko vyao. Ijumaa aliamka alfajiri, akapika vitumbua na sambusa na kaimati, akapiga pasi nguo ya Noof. Nikamwambia akae na bibi chumbani, kahawa Noof ataitoa. Akasema sawa mama. Nikaona nimesalimika.

Wageni walikaa, Masouda na dada yake, Rahila na mie. Tukaulizana khabari za hali, za watoto, za baridi. Mama akapitiwa na usingizi, na Nakimuli, kwa furaha yake, hakuweza kukaa ndani. Akatoka na sinia la vitumbua, kavaa gauni lake la kijani la Idi, anatabasamu.

"Mama Masouda, karibu! Na mguu umepona?"

Dada yake Masouda aliuvuta mkoba wake kutoka kwenye zulia, akauweka mapajani, akaufunika kwa mikono miwili. Masouda akachukua simu yake iliyokuwa mezani, karibu na mahala sinia lilipotaka kuwekwa.

"Nimepona," akasema, bila ya ubaya, kama unavyosema na mgonjwa. "Weka tu hapo. Tutajihudumia wenyewe."

Nakimuli aliutazama mkoba. Akaitazama ile simu. Si mjinga, wasichana wa kazi hawahitaji kuelezwa jambo kama lile. Halafu akanitazama mie, akangoja. Alijua kuwa mie peke yangu ndiye ninayeweza kusema neno. Nilikuwa nalo mdomoni, wallahi lilifika kwenye meno. Lakini Noof alikuwa kasimama mlangoni na bakuli la halua, kavaa lesi, na uso ambao sijauona kwake kwa miaka minne.

"Nenda kakae na bibi, Nakimuli," nikasema.

Akaenda. Fatiha ikasomwa. Rahila akapiga kigelegele mpaka mama akaamka.

Asubuhi ya pili nilikuwa sebuleni peke yangu. Nakimuli akaja anaburura sanduku lake, akalilaza kwenye zulia mbele ya miguu yangu, akafungua zipu, akalifunua.

"Mkataba unaisha Alhamisi," akasema. "Nilikuwa nimewaambia nyumbani nitasaini tena. Sasa sisaini. Ulimwambia nini, mama?"

Nikamwambia. Sikupunguza neno, nadhani ndiyo jambo pekee la haki nililolifanya. Alisikiliza amesimama. Ningependa angepiga kelele, mie kelele nazijua, ningejua la kufanya. Hakupiga.

"Yeye aliniuliza dada Noof yukoje. Nikamwambia ukweli, huyu dada ni mzuri, kila siku ananiuliza kama nimekula. Halafu akaniuliza wewe ukoje. Kama una hasira, kama una maneno, mkwe asije akapata shida." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nikamwambia hapana, mama ni mpole, roho yake safi. Huo ndio uongo nilisema siku ile. Ni huo mmoja tu."

"Nampigia Masouda sasa hivi," nikasema, nikaikamata simu. "Namwambia kila kitu."

"Na dada Noof?"

Nilikuwa na jina la Masouda mbele ya macho yangu, bado kidole tu. Nikaiweka simu kwenye kochi.

"Basi kagua," akasema.

"Sikukagui mie. Mungu apishe mbali."

"Kagua, mama. Nikienda bila kukaguliwa watasema nimeondoka na kitu, na wewe hutawakatalia. Kagua, uweze kusema umekagua."

Mama akaita kutoka chumbani kwake. "Nakimuli! We Nakimuli, uji wangu!" Hakuna aliyeitika. Akaita tena, kisha akaanza kulalamika peke yake, kuwa nyumba hii haina watu.

Nikapiga magoti kwenye zulia. Nikatoa nguo moja, nikaikunjua, nikaikung'uta.

"Hiyo?" Nakimuli akauliza juu yangu.

"Yako."

Nikatoa gauni la kijani.

"Na hiyo?"

"Yako, mwanangu."

"Usiniite mwanangu," akasema. "Angalia na mifukoni."

Nikaangalia na mifukoni.